Je, ukimuuliza mtu kama anawaza kujiua unamtia wazo hilo kichwani?

Hapana. Anayewaza kujiua alikuwa na wazo hilo kabla hujafungua mdomo, na asiyewaza atakujibu tu kwamba hawazi. Tafiti zilizolipima swali hilo hazikuona likiongeza hatari. Wengi huulizwa wakapata nafuu, maana hatimaye yupo wa kumweleza. Hofu ya kuuliza ndiyo inayotufanya tuone dalili wiki nzima tukanyamaza.

Dalili zenyewe hujificha ndani ya maneno ya kila siku. “Nimechoka.” “Nawatia hasara tu.” “Mtapumzika.” “Nisipokuwepo, mwangalieni mama.” Kuchoka kila mtu husema jioni, kwa hiyo tazama kinachoandamana na neno hilo: halali usiku au analala kutwa, hali chakula na wenzake, kwaya ameacha, ametoka kimya kimya kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kwa wanaume huzuni mara nyingi huvaa sura ya hasira na pombe, watu wakaiita ukorofi.

Kisha kuna matendo ya kuaga. Anamlipa mwenye duka deni la sukari kabla hajadaiwa. Anamwandikia mkewe namba ya siri ya M-Pesa, anamkabidhi mdogo wake hati ya shamba, anawapigia watu wa zamani kuomba radhi. Kila moja peke yake ni jambo jema. Yakija pamoja kwa mtu mwenye majonzi, muulize siku hiyo hiyo.

Linalopotosha zaidi ni utulivu wa ghafla. Mtu amelemewa kwa miezi, leo anatabasamu, na nyumba nzima inashukuru. Huenda kweli amepona. Lakini huenda ameshakata shauri, na mvutano wa ndani umekwisha. Pia mgonjwa wa sonona anapoanza tiba, nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla ya matumaini, ndiyo maana wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali zinahitaji jicho la karibu. Na aliyewahi kujaribu kujiua yuko hatarini kuliko wengine. Msiseme alikuwa anatafuta huruma.

Kaeni faragha, simu weka mbali. Anza na ulichokiona: “Juzi ulisema tutapumzika, jana ukanipa namba ya siri. Nina wasiwasi. Unawaza kujiua?” Litaje neno lenyewe. Ukiuliza “huwazi mambo ya kijinga, sivyo?” umeshamwambia jibu unalotaka. Akikubali, usimhubirie dhambi wala kumtajia wenye shida kuliko zake. Msikilize, kisha uliza kama amepanga namna na lini. Usimwahidi kuwa itabaki siri yenu.

Akiwa na mpango, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Dawa za shambani na vidonge vihamishieni kwa jirani. Hatua hiyo huokoa, kwa sababu wimbi kali la kutaka kufa mara nyingi hupita baada ya muda mfupi. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, vifo vya kujiua vilishuka sana. Si lazima mfike kwanza hospitali kubwa za magonjwa ya akili kama Mirembe ya Dodoma au Mathari ya Nairobi: nendeni hospitali iliyo karibu, mwambieni mhudumu waziwazi. Kenya, Shirika la Msalaba Mwekundu hupokea simu kwa 1199. Kwa watoto, 116 inafanya kazi Kenya na Tanzania. Waliokuwa wakificha kwa kuogopa polisi Kenya wajue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka katiba.

Wapo wanaoondoka bila dalili iliyoonekana, na familia zao hazikuzembea.

Kwa aliye nanyi bado, pangeni zamu: nani analala naye leo, nani anampeleka kliniki, nani anampigia kesho asubuhi kabla ya chai.