Kikapu cha Wagullah hakisukwi, kinashonwa

Wagullah, Wamarekani weusi mafundi wa vikapu wa Mount Pleasant, jirani na Charleston katika jimbo la South Carolina, Marekani, hawasemi wanasuka. Wanashona. Mimi kazi yangu ni ususi, na neno hilo nalishikilia kwa sababu ufundi wote umo humo. Pwani yetu husuka ukili kwanza, ule utepe mrefu wa makuti, ndipo ukashonwa kuwa mkeka. Wagullah hawana ukili. Fundi hushika kishungi cha nyasi kavu, akakizungusha, na kila mzunguko akaufunga kwenye ule wa chini yake kwa ukanda mwembamba wa ukuti wa palmeto, mti wa jamii ya mtende. Tundu la kupitishia ukanda hulitoboa kwa mpini wa kijiko, kijiko chenyewe kimekatwa kichwa, ncha ikanolewa.

Kilichotangulia ni ungo. Wagullah ni wazao wa Waafrika waliotiwa utumwani katika mashamba ya mpunga ya pwani ile, na wengi walitekwa Senegambia na Sierra Leone, kwenye watu waliolima mpunga vizazi na vizazi. Wenye mashamba walitajirika kwa maarifa hayo. Mpunga ulitwangwa kinuni, ukapepetwa, pumba zikaenda na upepo. Aliyelelewa na bibi mwenye ungo ameshaiona picha hiyo. Ungo wa shambani ulishonwa kwa mafunjo magumu, mara nyingi na wanaume.

Nyasi laini za kunukia, zinazojulisha vikapu vya leo, zilipata sifa baadaye. Daraja la mto Cooper lilifunguliwa mwaka 1929, magari yakaongezeka, na miaka ya 1930 akina mama wakaanza kupanga vikapu kando ya barabara ya 17. Mwaka 2006 jimbo likavitangaza kuwa kazi yake rasmi ya mikono. Heshima hiyo walistahili zamani sana.

Kinachoniuma ni nyasi. Huota nyuma ya vichuguu vya mchanga wa ufukweni, nazo huvutwa kwa mkono, shina likabaki ardhini lichipue tena. Uvunaji wa namna hiyo hauziui. Ila visiwa vingi vimekuwa hoteli, viwanja vya gofu na nyumba zenye mageti, na mvunaji hana pa kupita. Kuanzia miaka ya 1970 mafundi wakayarudia mafunjo. Ukishika kikapu kipya, tazama mizunguko minene ya kahawia katikati ya ile ya kijani iliyopauka: ndiyo hayo mafunjo ya ungo, yamerudi kushika nafasi ya nyasi zisizofikika.