Maana ya Tofauti za Kiafya kati ya Mijini na Vijijini

Tofauti za kiafya kati ya mijini na vijijini ni pengo linaloonekana pale wakazi wa sehemu hizo mbili wanapolinganishwa kwa vipimo vilevile, kama vile umri wa kuishi, vifo vya uzazi, vifo vya watoto wachanga na kuenea kwa magonjwa. Dhana hii huzungumzia wastani wa watu wengi, wala haimtabirii mtu mmoja mmoja kwamba atakuwa mzima au mgonjwa kwa sababu ya mahali anapoishi.

Mji haukuwa na nafuu siku zote. Mwaka 1842 Edwin Chadwick, mwanamageuzi wa afya ya jamii, aliripoti kwamba nchini Uingereza wastani wa umri wa kufa katika familia za vibarua wa Manchester, mji wa viwanda, ulikuwa miaka 17, ilhali kwa vibarua wa Rutland, eneo la mashamba, ulikuwa miaka 38. Wastani huo ulikuwa mdogo kiasi hicho hasa kwa sababu watoto wengi walikufa wakiwa wadogo. Maji safi, mifereji ya majitaka na baadaye chanjo ndivyo vilivyoigeuza hali hiyo.

Leo, katika nchi nyingi, kinachowaumiza zaidi watu wa vijijini ni umbali. Wataalamu wa afya ya uzazi hutaja ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa chache, na kwake hospitali yenye damu, dawa na daktari haina faida ikiwa njia ya kuifikia haipitiki. Kifo cha namna hiyo huzuilika, na ndiyo maana ni haki kukiita dhuluma.

Mjini nako msongamano hurahisisha kuenea kwa kifua kikuu, na moshi wa magari na viwanda huharibu mapafu na moyo. Kisukari na shinikizo la damu vimezoeleka kuitwa magonjwa ya mjini, lakini jina hilo linazidi kupotosha: utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya ongezeko la unene, ambao huchangia magonjwa hayo, duniani kati ya mwaka 1985 na 2017 lilitokana na wakazi wa vijijini.

Ulinganisho wenyewe unahitaji uangalifu, kwa kuwa hakuna kipimo kimoja cha mji. Nchini Denmark makazi ya watu 200 huhesabiwa kuwa mji, ilhali Japani hutaka watu wapatao 50,000. Zaidi ya hayo, wastani wa mji humchanganya mkazi wa mtaa wa mabanda, asiye na choo wala maji ya bomba, na tajiri anayeishi kilomita chache kutoka kwake, hata shida za yule wa kwanza zisionekane kabisa katika takwimu.