Kivimbe cha kwapani kisichouma

Wengi tumelelewa na kauli hii: uvimbe usiouma hauna neno. Kwapani mara nyingi mambo huwa kinyume.

Kinachouma na kuwa cha moto aghalabu ni jipu lililoanzia kwenye unyweleo, au mtoki, yaani tezi iliyovimba. Ukijikata kidole ukimenya muhogo na kidonda kikaingia vijidudu, tezi za kwapa la mkono huohuo ndizo zinazopambana navyo. Kidonda kikipona, nazo hunywea.

Cha kutilia shaka zaidi ni kile kigumu kama kokwa, kisichosogea ukikisukuma kwa kidole, kinachokua taratibu bila maumivu. Huenda kikawa kivimbe cha mafuta tu (hicho kwa kawaida ni laini na huteleza), lakini pia huenda ikawa saratani ya titi, ambayo hata wanaume huipata, saratani ya tezi za limfu, au kifua kikuu. Kikipita wiki mbili, au ukiona homa, jasho jingi la usiku au kukonda, nenda hospitali. Usikae ukikikanda kwa maji moto. Daktari atapapasa na matiti, na pengine aagize altrasaundi au achukue kinyama kwa sindano kikapimwe.