Usinitume nikamhubirie kinaa kuli wako

Ijumaa iliyopita nimeshuka mimbarini, hata viatu sijavaa, nikashikwa mkono na mwenye stoo ya nafaka. "Ustadh, wiki ijayo tupigie khutba ya kinaa, watu waridhike na walichonacho. Hawa vijana wangu wameingiwa na tamaa." Tamaa gani? Wanataka waongezwe ujira. Ni mara ya tatu mwaka huu naagizwa kinaa kama mtu anavyoagiza dawa ya mende.

Haya, tuseme basi. Kwanza ile "Kinaa ni hazina isiyokwisha" mnayotumiana kila asubuhi kwenye simu, chini pameandikwa jina la Mtume (s.a.w.). Isnadi yake, yaani mlolongo wa waliolipokea neno hilo, ni dhaifu. Maneno matamu, ila msimbandike Mtume. Iliyo sahihi ni hadithi ya sahaba Abu Hureira, na maimamu wa hadithi Bukhari na Muslim wote wameipokea: utajiri si wingi wa vitu, utajiri ni utajiri wa nafsi.

Na hapo kwenye "nafsi" ndipo mnaponichosha. Nafsi ya nani? Yako! Sijaona mahali Mtume alipomtuma mtu akapime nafsi ya kuli wake. Neno la Kiarabu la utajiri hapo ni ghina, na shina lake ni kutohitaji. Mwenye stoo tano asiyepata usingizi kwa kuiwaza ya sita, kwa hesabu hiyo ni fukara, tena fukara wa kusikitikiwa. Nasi Waswahili tukalichukua neno kinaa tukalipeleka jikoni: mtu aliyelishwa biriani siku tatu za harusi husema "nimekinai", yaani asiletewe tena hata harufu. Wenzangu wengine husema hapo tumeliharibu. Mimi nalipenda vivyo hivyo, maana linakumbusha kwamba asiyeshiba hana cha kukinai. Kijana aliyebeba magunia ya kilo 90 tangu alfajiri, tumboni ana chai ya rangi na mahamri mawili, unamtaka akinai nini?

Tofauti ya kinaa na uvivu nitaipita mbio, nimeshaisema mno. Sahaba Abdurrahman bin Auf alihama Makka akafika Madina mikono mitupu. Mwenyeji wake, Saad bin Rabii, akamwambia chukua nusu ya mali yangu. Akamwombea baraka, kisha akauliza soko liko wapi. Akaenda akachuuza jibini na samli, na baadaye akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa masahaba. Mwenye kinaa huyo, na siku ya kwanza ameulizia soko. Mtume mwenyewe alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na ufakiri. Tosha.

Anayewasuta wenye stoo ni sahaba Hakim bin Hizam. Alimwomba Mtume akapewa, akaomba akapewa, akaomba akapewa. Kisha akaambiwa kwamba mali hii ni mbichi na tamu. Mwenye kuipokea kwa pupa ni kama mlaji asiyeshiba. Hakim akaapa hatapokea tena kitu cha mtu. Abu Bakr alipokuwa khalifa akamwita achukue fungu lake la mali ya Waislamu, akakataa. Omar, khalifa aliyemfuata, naye akamwita, akakataa.

Watu husimulia mpaka hapo, wakafuta machozi. Endeleeni kidogo! Omar aliwashuhudisha Waislamu kwamba amempa Hakim haki yake na mwenyewe ndiye aliyekataa. Hakusema "huyu ana kinaa, mpunguzieni." Fungu lilikuwepo, limehesabiwa, linamngoja. Kukataa ni kwake Hakim. Kutoa ni kwako wewe mwenye stoo.

Yule mwenye stoo nikamsomea na hadithi ya Bukhari, ya watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, mmoja wao aliyemwajiri mtu akamtumikisha kazi kamili asimpe ujira wake. Akanisikiliza kwa adabu zote. Akasema, "Basi Ustadh, bora wiki ijayo uzungumzie usafi wa vyoo vya msikiti."

Nami nisijifanye walii. Khatibu mwenzangu aliponunua gari nilimpa mkono wa hongera, kisha nikaenda nyumbani kwa miguu nikiupigia hesabu mshahara wangu njia nzima. Miaka ishirini nasomesha mlango huu wa kinaa, na bado kuna mahali nababaika. Kuna mama mmoja muuza viazi karai, mwanawe nasoma naye juzuu amma, ile ya mwisho ya Qurani. Kila mwisho wa mwezi huleta ada kwenye fundo la leso, sarafu tupu, nyingine bado zina mafuta. Namuuliza, "Vipi hali, mama?" Hunijibu, "Alhamdulillahi, Ustadh, tushazoea." Hiyo ni kinaa, au ni mtu aliyechoka kutaka? Vitabu vyangu vimeeleza alama za kila moja, na kwa mama huyu naziona zote kwa pamoja. Nazihesabu sarafu, naandika jina la mwanawe daftarini, yeye anajifunga leso yake anarudi kwenye karai.