VAT imo ndani ya bei, keshia hajakuongezea kitu

Nimelisikia tena wiki hii, safari hii kwa kelele mbele ya foleni nzima: eti supamaketi huandika bei moja kwenye rafu, halafu ukifika kaunta mashine "inapachika VAT", yaani kodi ya ongezeko la thamani, juu yake. Si kweli, na nimechoka kulijibu kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo naliandika hapa.

Bei unayoiona kwenye lebo ya rafu katika supamaketi za Kenya tayari ina VAT ndani yake. Lebo ya bidhaa inayotozwa VAT ya asilimia 16 ikisema 290, utalipa 290, na katika hizo 290, shilingi 40 ni za serikali. Zilikuwemo tangu lebo ilipobandikwa.

Kazi yangu ni bei, katika supamaketi hapa Mombasa. Badiliko likitoka ofisi kuu napokea mimi, nachapisha lebo, kisha nazunguka na vijana wa rafu kuhakikisha ya zamani imeng'olewa na mpya imekaa chini ya bidhaa yake kabla mlango haujafunguliwa. Mteja akimwita keshia mwizi kwa sababu ya bei, anamtukana mtu ambaye hakuipanga bei hiyo na hana uwezo wa kuibadilisha. Keshia anaskani bakodi, mfumo unaleta bei, basi. Hata kufuta kitu kimoja kilichoskaniwa mara mbili, lazima amwite supavaiza aje na kadi yake. Na katika maduka mengi, pesa zikipungua kwenye droo mwisho wa zamu, pengo hilo hukatwa kwenye mshahara wake. Ndiyo maana hawezi "kukufanyia 250 tu, dada yangu" hata akikuonea huruma.

Yule mzee wa wiki hii alinunua sabuni ya unga ya 290. Akaisoma risiti mpaka chini, akatoa simu, akapiga hesabu ya asilimia 16 ya 290, akapata 46.40. Risiti yake ilikuwa imeandikwa VAT 40.00, na juu yake 250.00. Akaona makosa mawili kwa pamoja: sabuni ilikuwa 250 tukamwongezea kodi, na kodi yenyewe hatukuijua hesabu. Nikamwambia, "Mzee wangu, twende rafuni." Tukaenda, lebo ikasoma 290. Akanigeukia: "Sasa mbona hapa mmeandika 250?"

Hilo ni swali zuri, na laiti wateja wangekuwa wanaliuliza kabla ya matusi.

Hiyo 250 ni fedha inayobaki dukani baada ya kodi kuondolewa. VAT ya asilimia 16 hupigwa juu ya hiyo 250, si juu ya 290. Asilimia 16 ya 250 ni 40. Jumlisha, unapata 290. Sasa mteja anaanza na 290 mkononi, kwa hiyo lazima arudi kinyumenyume: 290 ndiyo sehemu 100 za bei pamoja na sehemu 16 za kodi, yaani sehemu 116. Gawanya kwa 116, unapata 2.5. Zidisha kwa 16, unapata 40. Ukichukua asilimia 16 ya 290 moja kwa moja, umepiga kodi juu ya kodi, na ndiyo maana ile 46.40 yako haitakubaliana na risiti yoyote iliyotolewa sawasawa. Anayetaka njia ya haraka akumbuke kwamba katika kila shilingi 100 unazolipa kwa bidhaa yenye VAT ya asilimia 16, kodi ni 13.79. Si 16.

Tena usichukue jumla ya kapu lote ukaipigia hesabu hiyo. Unga wa mahindi na mkate wa kawaida hutozwa VAT ya asilimia sifuri. Kapu lenye unga wa 150, mkate wa 70 na ile sabuni ya 290 ni 510 kwa jumla, lakini VAT yake inabaki 40 ileile, yote ya sabuni. Herufi ndogo iliyo pembeni ya kila bidhaa kwenye risiti inaonyesha imo kwenye kiwango gani. Mwaka 2024, Mswada wa Fedha ulipopendekeza mkate utozwe asilimia 16, watu walikuja kaunta wakidai tumeshaanza kuwatoza. Pendekezo lile la mkate liliondolewa mwezi Juni, na siku chache baadaye rais akakataa kuusaini mswada mzima, ukarudishwa bungeni. Mkate haukuwahi kuingia VAT. Bado kuna wanaoniambia uliingia.

Ukweli wa jambo hili ulionekana wazi mwaka 2020, na ni mwaka uliotusumbua sana sisi watu wa lebo. Tarehe 1 Aprili, VAT ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, kisha ikarudi 16 tarehe 1 Januari 2021. Kama kodi ingekuwa inaongezwa kaunta, tusingebadilisha hata lebo moja. Tungegusa mfumo tu. Badala yake kila lebo ya bidhaa yenye kodi ilibidi ipigiwe hesabu upya, kwa kuwa kodi imo ndani. Na hapo ndipo ugomvi mwingine ulipozaliwa. Mteja anajua kodi imeshuka kwa 2, anataka bei ishuke kwa asilimia 2. Kitu cha 1,160 alitaka akilipe 1,136.80. Lakini ndani ya 1,160 bei yenyewe ni 1,000. Weka asilimia 14 juu yake, unapata 1,140. Punguzo ni shilingi 20, yaani kama asilimia 1.7 ya bei ya zamani. Hatukumla mtu zile 3.20 za tofauti.

Hata hivyo kuna jambo la wakati ule ambalo siwezi kulitetea. Serikali ilipunguza kodi, haikupunguza bei ya mwenye kiwanda. Wapo waliopandisha bei zao za jumla siku zilezile, na kwenye rafu mteja akaona namba ileile ya mwezi uliopita. Kwa karatasi, kila mtu alifuata utaratibu. Kwa mfuko wa mteja, nafuu aliyoahidiwa haikufika. Waliolalamika juu ya hilo walikuwa na hoja, na jibu la hesabu peke yake halikuwatosha.

Imani hii ya "VAT ya kaunta" ina mizizi yake, siwezi kusema watu wameiota. Ukienda kuomba bei kwa mchapishaji, fundi wa aluminiamu au duka la vifaa vya ujenzi, mara nyingi utaandikiwa bei kisha "ongeza VAT" chini yake. Wao wanauzia makampuni, na kampuni iliyosajiliwa hudai kurudishiwa VAT ya manunuzi yake, kwa hiyo inayoijali ni ile bei ya kabla ya kodi. Mtu akishazoea hivyo, akija kununua mafuta ya kupikia anatarajia mtindo uleule. Halafu Desemba inafika na jamaa zetu wanaoishi Marekani. Huko kodi ya mauzo kwa kawaida haimo kwenye lebo. Huongezwa kaunta, na kiwango hubadilika kutoka jimbo hadi jimbo, hata mji hadi mji. Mgeni anamsimulia shangazi yake, shangazi anatuletea habari hiyo kaunta kama sheria ya Kenya.

Na risiti zenyewe haziwasaidii watu. Namba ya kabla ya kodi, namba ya kodi na jumla zimepangwa kama mtu anayejumlisha kutoka juu kwenda chini. Macho ya kawaida yatasoma hivyo hivyo: ilikuwa 250, wakaweka 40, ikawa 290. Kodi lazima ionyeshwe kwenye risiti na ni vizuri ionyeshwe, lakini mpangilio ule ungeweza kuandikwa wazi kwamba VAT imo katika jumla.

Hayo yote hayamaanishi kwamba lebo za rafuni hazikosei. Zinakosea. Ofa inaisha usiku, mfumo unarudi bei ya kawaida, asubuhi lebo ya ofa bado inaning'inia. Hapo duka ndilo lenye kosa na mteja asikubali kulaumiwa. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei, na malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Piga picha ya lebo, tarehe yake ionekane, kisha mwombe keshia akuitie supavaiza. Usianze kulipa ndipo ugombane. Kwa bei nafuu za wateja wenye kadi ya duka nasema waziwazi: pale duka linapoandika bei ya kadi kwa herufi kubwa na bei ya kila mtu kwa herufi za kutafuta kwa miwani, mteja anayekasirika ana haki ya kukasirika. Na lebo huwa ya bidhaa iliyo juu yake, si iliyo chini, tafadhali.

Ukiwa bado na shaka juu ya kodi yako, chini ya risiti kuna mraba wenye vidoti. Uskani kwa simu, utakupeleka kwenye mtandao wa KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, uone risiti yako ilivyopokelewa kule. Jumla iliyo kule ikitofautiana na ulicholipa, au risiti isionekane kabisa, hayo ni malalamiko ya kweli. Mtafute meneja wa duka ukiwa na karatasi yako mkononi, na umwache keshia ahudumie foleni.