Gemu Iliyochukuliwa na Duka Moja Haijaondoka Kwenye Kompyuta Yako

Juma lililopita mzee mmoja wa Chumbageni aliingia katika karakana yangu hapa Ngamiani, Tanga, akiwa amebeba kompyuta ya mwanawe, akaniomba nimtafutie mnunuzi. Mashine ilikuwa nzima, na kadi yake ya picha niliifunga kwa mikono yangu mwaka uliopita. Nilipomuuliza sababu ya kuiuza, alinieleza kwamba kijana amemwambia gemu anayoisubiri “imechukuliwa na Epic”, yaani itauzwa katika duka hilo la mtandaoni pekee, hivyo mashine hii haitaifungua na hapana budi kutafuta nyingine. “Fundi, mimi mambo haya siyajui, nisaidie tu,” alisema. Nilimjibu, “Mzee wangu, irudishe nyumbani, haina kosa lolote,” lakini niliona wazi kwamba hakuniamini. Huyo ni wa nne katika miezi michache kuja na maneno hayo hayo. Mmoja wa waliotangulia alikwisha kuuza mashine yake kwa hasara kabla hajaniuliza, na ndiyo sababu nimeamua kuyaandika haya mara moja na kwa kirefu.

“Imechukuliwa na Epic, kompyuta yangu haitaifungua”

Chimbuko la dhana hii ninalifahamu. Vijana wengi wa Tanga walianza kucheza katika mabanda ya PlayStation, na huko gemu ya pekee maana yake ni gemu ya kifaa fulani: kama huna kifaa hicho, huchezi, na hakuna njia nyingine. Walipohamia kwenye kompyuta walilihamisha neno hilo pamoja na maana yake, ilhali maana yake huku ni nyingine kabisa. Kwenye kompyuta ya Windows duka ni programu tu. Steam ni programu, Epic Games Store ni programu, zote mbili hupakuliwa bure, akaunti zake hufunguliwa bure, wala hakuna ada ya mwezi, na zinakaa pamoja kwenye mashine moja bila kugombana. Gemu yenyewe ni ile ile ya Windows, na inahitaji kadi ya picha ile ile na kumbukumbu ile ile popote ulipoinunua. Upekee wa duka unaamua jambo moja, nalo ni mahali unapolipia.

Wapo wanaoniambia kwamba mahali pa gemu ni Steam na kwamba Epic wamevamia. Steam ilianza tarehe 12 Septemba 2003, na mwaka uliofuata Half-Life 2 ilipotoka, hata aliyenunua diski dukani alilazimika kuwa na akaunti ya Steam ndipo aicheze. Wachezaji wa wakati ule walilalamika kwa hasira ile ile ninayoisikia leo dhidi ya Epic, wakiuliza kwa nini walazimishwe kuweka programu ya duka ambayo hawakuiomba. Miaka imepita, watu wamezoea, na mazoea hayo sasa yanachukuliwa kuwa kanuni. Hata leo gemu zinazotengenezwa na Valve, wenye Steam, huzikuti kwa Epic, na sijawahi kumsikia mteja wangu akilalamikia hilo.

Mashindano yenyewe yalianza Desemba 2018, Epic ilipofungua duka lake na kutangaza kwamba itakata asilimia 12 tu ya mauzo na kumwachia mwenye gemu asilimia 88. Steam ilikuwa ikikata asilimia 30, na siku chache kabla ya Epic kufungua, Valve ilitangaza ngazi mpya: makato yatashuka hadi asilimia 25 kwa mauzo ya gemu yanayopita dola milioni 10, na hadi asilimia 20 yakipita dola milioni 50. Kwa maoni yangu ngazi hizo ziliwafaa wakubwa tu, kwa kuwa mtengenezaji mdogo hazifikii, na ni yeye aliyehitaji nafuu zaidi.

Hata hivyo, Epic ilitambua kwamba makato madogo peke yake hayawezi kuwahamisha wanunuzi walioweka gemu zao zote upande mmoja, ikaanza kununua muda. Namna muda huo unavyonunuliwa ndiyo sehemu isiyoeleweka, nami huwaeleza wateja kwa mfano wa machungwa ya Muheza. Mfanyabiashara anaweza kumlipa mkulima chungwa likiwa bado mtini, akayachukua mavuno yote, na mkulima akawa na uhakika wa fedha yake hata kama bei itaanguka sokoni. Katika mikataba mingi ya Epic, duka humhakikishia mchapishaji, yaani kampuni inayoitoa gemu sokoni, kiasi fulani cha mauzo: gemu isipofikisha kiasi hicho, duka hufidia pengo; ikikivuka, mchapishaji huendelea kupata mgao wake wa ziada, na hapo ndipo anapomzidi mkulima wetu. Kwa malipo hayo mchapishaji hukubali kutouza Steam kwa muda uliotajwa. Nyaraka zilizotolewa katika kesi ya Epic dhidi ya Apple mwaka 2021 zilionyesha kwamba kwa Borderlands 3 pekee dhamana hiyo ilikuwa dola milioni 80. Kwa gemu ya Control, taarifa ya fedha ya Digital Bros, kampuni ya Italia inayomiliki mchapishaji wake, ilionyesha malipo ya euro milioni 9.49.

Kwa hiyo anayefunga mlango wa Steam si duka pekee. Ni mchapishaji aliyetia sahihi, na mara nyingi ana sababu za msingi, kwa kuwa gemu kubwa huchukua miaka kuijenga na mishahara hailipwi kwa matumaini. Ninachokipinga ni jinsi baadhi yao walivyofanya. Metro Exodus ilikuwa tayari inauzwa Steam kwa oda za mapema, kisha tarehe 28 Januari 2019, zikiwa zimebaki chini ya wiki tatu itoke, ikatangazwa kwamba inahamia Epic kwa mwaka mzima. Waliokwisha kulipia Steam waliipata, lakini Valve iliandika waziwazi kwamba uamuzi huo haukuwatendea haki wateja wa Steam, na katika hilo ninakubaliana nao kabisa. Kumwahidi mtu mahali fulani kisha kumhamisha siku za mwisho ni kosa, hata kama mkataba wenyewe ni halali.

Muda unaisha, na wengi wanalisahau neno hilo “muda”. Metro Exodus ilirudi Steam Februari 2020. Borderlands 3 ilitoka Epic tarehe 13 Septemba 2019 na ikafika Steam tarehe 13 Machi 2020, miezi sita kamili. Red Dead Redemption 2 ilichelewa mwezi mmoja tu. Hades ilianza kuuzwa Epic Desemba 2018 ikiwa bado inajengwa, ikaingia Steam Desemba 2019, na ilipokamilika Septemba 2020 ilikuwa kote kuwili. Aliyesubiri gemu iliyokamilika hakukosa hata siku moja. Ziko pia zisizo na muda, na hizo ni lazima kuzitofautisha: Alan Wake 2 ya mwaka 2023 ilitengenezwa kwa fedha za Epic yenyewe kama mchapishaji, kwa hiyo kuisubiri Steam kwa hesabu ya mwaka mmoja ni kujidanganya.

Nasaha yangu, nayo siichoki kuirudia, ni kusubiri kama huna haraka. Control ilipofika Steam Agosti 2020 ilikuja na nyongeza zake zote mbili kwa dola 40, wakati aliyeinunua Epic mwaka mmoja nyuma alilipa dola 60 kwa gemu bila nyongeza, tena kabla hitilafu zake hazijarekebishwa. Na kama una haraka, weka programu ya Epic, lipa, cheza. Katika njia zote mbili hakuna mahali palipoandikwa kwamba uuze kompyuta ya baba yako.

Niongeze kwamba mikataba ya fedha taslimu si njia pekee tena. Mwaka 2023 Epic ilianzisha mpango ambao mwenye gemu akikubali kukaa kwake tu kwa miezi sita ya mwanzo hupata asilimia 100 ya mapato badala ya 88. Mpango huo ninauona wa haki zaidi, kwa kuwa malipo yanafuata mauzo halisi, na mtengenezaji mdogo anaweza kuuingia bila kuwa na wanasheria.

“Epic wanakata kidogo, basi kwao bei ni ndogo”

Hesabu inavutia. Gemu ya dola 60 humwachia mwenye gemu dola 42 akikatwa asilimia 30, na dola 52.80 akikatwa asilimia 12. Mnunuzi huona tofauti ya dola 10.80 akadhani ni yake. Bei hupangwa na mchapishaji, na tofauti ile kwa kawaida hubaki kwake. Ndiyo iliyomvutia kwenda huko. Metro Exodus ilishushwa kutoka dola 59.99 hadi 49.99 nchini Marekani ilipohamia Epic, na wengi hutoa mfano huo, lakini Borderlands 3 ilibaki kwenye bei ya kawaida na wengine wengi walifanya hivyo hivyo.

Kuna pia shauri ambalo halijamalizika. Mwaka 2021 kampuni ya Wolfire Games iliishtaki Valve huko Marekani ikidai kwamba inawazuia wenye gemu kuuza kwa bei ya chini katika maduka mengine, na Valve inakana. Wanaotaka bei ishuke wangefuatilia kesi hiyo badala ya kugombana juu ya rangi ya programu. Kwa sisi wa huku, kuna jambo lililo karibu zaidi: Steam haina bei ya shilingi ya Tanzania. Unatozwa kwa dola, benki au kadi ya malipo ya kwenye simu inabadilisha kwa kiwango chake, na mara kadhaa nimeona mteja akikimbilia punguzo dogo katika duka moja kisha likaliwa lote na gharama ya kubadilisha fedha. Angalia kiasi kilichotoka kwenye akaunti yako, kisha ndipo ulinganishe.

“Za bure za Alhamisi ni za kuonja tu”

Si kweli. Gemu za bure za Epic, zilizoanza na Subnautica Desemba 2018, hubaki kwenye akaunti yako baada ya juma la ofa kupita. Grand Theft Auto V ilipotolewa bure Mei 2020, duka lilielemewa na watu kwa saa kadhaa, na waliojitwalia siku zile wanaicheza mpaka leo. Hubadilishwa kila Alhamisi, kwa saa zetu ni saa kumi na mbili jioni au saa moja usiku kutegemea majira ya Marekani. Huhitaji kuipakua wala kuwa na kompyuta wakati huo. Ingia kwa kivinjari cha simu, ichukue, na bando lako libaki. Anayeniambia hana fedha za gemu wakati hajawahi kuingia hata Alhamisi moja hunichosha.

“Programu ile ni ya Wachina, inatupeleleza”

Tencent ya China ilinunua takribani asilimia 40 ya Epic mwaka 2012, lakini mamlaka ya kampuni yako mikononi mwa mwanzilishi wake, Tim Sweeney. Lipo jambo moja la kweli ndani ya dhana hii: Machi 2019 wachezaji waligundua kwamba programu hiyo ilikuwa ikinakili faili la Steam lenye orodha ya marafiki kabla ya mtumiaji kuruhusu. Epic ilikiri, ikaeleza kwamba taarifa zilitumwa tu pale mtu alipokubali kuunganisha marafiki zake, na Sweeney akaahidi kurekebisha. Lilikuwa kosa, na lilistahili kulaumiwa.

“Nimenunua, basi ni mali yangu”

Katika maduka yote mawili unachonunua ni leseni ya kutumia. Tangu Januari 2025 sheria ya California inawalazimu wauzaji kulisema hilo wazi, na Steam ilianza kuliandika kwenye ukurasa wa malipo mwishoni mwa 2024. GOG, duka jingine la gemu mtandaoni, ni tofauti kwa kuwa inakuruhusu kupakua faili la kusakinisha na kulihifadhi kwenye diski yako bila kufuli, na kwa mtu mwenye intaneti ya kusuasua hilo ni jambo kubwa.

Ninaitaja dhana hii kwa sababu ya akaunti zinazouzwa katika makundi ya WhatsApp, “Steam yenye gemu hamsini” kwa bei ya kutupa. Masharti ya Steam hayaruhusu akaunti kuuzwa. Muuzaji akibaki na barua pepe ya mwanzo na risiti ya kadi iliyonunua gemu ya kwanza, anaweza kuirudisha kwake siku anayotaka, nawe huna pa kushtaki. Nimeletewa mashine tatu za namna hiyo niziangalie, wenyewe wakidhani zimeingiwa na virusi. Wenzangu, badala ya kununua akaunti ya mtu, fungua yako, weka uthibitisho wa hatua mbili kwa namba yako mwenyewe, na ukitaka kuokoa bando njoo na diski ya nje: faili za gemu unayoimiliki kwenye akaunti yako unaweza kuzinakili kutoka kwa rafiki aliyekwisha kuzipakua, na programu ya duka itazikagua na kupakua kilichopungua tu.