Sifuri ya kwanza si malipo: kuwaandikia maelekezo mawakala wa akili mnemba

Msanidi programu wa Kenya anayetaka duka lake la mtandaoni lipokee M-Pesa hupitia Daraja, lango la API la Safaricom, yaani njia ya programu moja kuzungumza na nyingine. Anatuma ombi la malipo liitwalo STK Push, mteja anaona kwenye simu kidirisha cha kuweka PIN, na papo hapo seva inarudisha jibu lenye ResponseCode 0. Kazi hiyo ukimpa wakala wa akili mnemba, yaani programu inayoandika msimbo na kuuendesha yenyewe, halafu usimpe maelezo ya kutosha, ni rahisi sana aandike kwamba 0 ikija agizo limeshalipwa. Mzigo utatoka dukani kabla mteja hajagusa PIN.

Sifuri ile inasema tu kwamba ombi limepokelewa. Habari za fedha huja baadaye, kwenye anwani iliyotajwa katika CallBackURL, zikiwa na ResultCode yake: 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 mteja ameghairi, 1037 simu haikufikiwa. Msanidi mgeni huyajua haya kwa kumuuliza mwenzake wa meza ya pili. Wakala mara nyingi hamuulizi mtu. Penye pengo huweka kile kinachofanana zaidi na alichosoma wakati wa kufunzwa, na amesoma API nyingi ambazo jibu la kwanza likiwa zuri, mambo yamekwisha.

Tazama jinsi anavyochagua zana. Katika MCP, itifaki ya kuwaunganisha mawakala na zana za nje ambayo kampuni ya Anthropic iliitoa Novemba 2024, kila zana, yaani kazi ya programu ambayo wakala anaweza kuiita, hujitambulisha kwa jina, maelezo na vigezo vyake. Kwa kawaida wakala haoni msimbo ulio nyuma ya zana. Hayo maelezo ndiyo anayoyategemea. Ukiandika "Hutuma ombi la malipo", umemwachia akisie karibu kila kitu. Afadhali uandike hivi: "Hutuma ombi la STK Push. Jibu la papo hapo huthibitisha tu kwamba ombi limepokelewa. Usihesabu agizo kuwa limelipwa hadi ResultCode 0 ifike kwenye CallBackURL. PhoneNumber iwe tarakimu 12 zinazoanza na 254, bila alama ya kujumlisha. Jibu likichelewa, usitume ombi jingine. Ulizia kwanza hali ya muamala." Sentensi ya mwisho ndiyo inayosahaulika kirahisi, nayo ndiyo inayomkinga mteja asitozwe mara mbili.

Kuna na mambo madogo yanayokula saa nzima. Nywila ya STK Push hutengenezwa kwa kuunganisha namba ya biashara, ufunguo wa siri na Timestamp (tarehe na saa ya ombi), kisha kuvigeuza kwa base64, namna ya kuandika data kwa herufi na tarakimu. Timestamp hiyohiyo lazima itumwe ndani ya ombi. Wakala akisoma saa mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya nywila na ya pili kwa ajili ya ombi, sekunde moja ikipita katikati nywila haitalingana. Mstari mmoja wa maelekezo, wenye mfano kamili unaoendeshwa kama ulivyo, unaziba shimo hilo.

Ujumbe wa kosa nao ni maelekezo, tena ndiyo ambayo wakala ana hakika ya kuyasoma. "Ombi batili" humfanya abahatishe hili na lile mpaka kitu kikubali. "PhoneNumber imeanza na 07, andika 254 badala ya 0 ya mwanzo" humfanya arekebishe na kuendelea.

Tatizo jingine ni kumbukumbu iliyopitwa na wakati. Katika pandas, maktaba ya Python inayotumiwa sana kuchambua data, njia ya append ya DataFrame, iliyoongeza safu kwenye jedwali la data, iliondolewa katika toleo la 2.0, Aprili 2023. Msimbo ulioandikwa miaka yote kabla ya hapo bado umejaa intaneti, na mawakala walifunzwa kwa msimbo huo. Desturi ya waandishi wa nyaraka ni kufuta habari za njia ya zamani mara inapoondolewa. Mimi naona zibaki: "append iliondolewa katika 2.0, tumia concat." Usipoitaja, wakala ataikumbuka mwenyewe.

Jina la kifurushi, yaani msimbo wa wengine unaosakinishwa ili utumike, nalo liandikwe herufi kwa herufi, pamoja na amri ya kukisakinisha. Utafiti uliotolewa mwaka 2024, ukapima sampuli 576,000 za msimbo uliotungwa na modeli za akili mnemba, zile zinazowaendesha mawakala, ulikuta karibu asilimia 20 ya vifurushi vilivyopendekezwa havipo kabisa. Modeli za kibiashara zilikuwa na nafuu, takriban asilimia 5, lakini mhalifu anahitaji jina moja tu linalojirudia ili alisajili na kuweka humo programu hasidi.

Kwa mradi wenyewe, siku hizi huwekwa faili la AGENTS.md: amri za kujenga na kujaribu, mafaili yasiyoguswa, basi. Liwe fupi. Wakala husoma ndani ya nafasi yenye mpaka, na historia ya kampuni yenu haimsaidii.

Kuhusu lugha: majina ya vigezo yasitafsiriwe kamwe. Maelezo yanaweza kuwa ya Kiswahili, ingawa modeli zimefunzwa kwa maandishi machache zaidi ya Kiswahili na sentensi zetu hula tokeni, yaani vipande vya maneno ambavyo modeli husoma, nyingi kuliko za Kiingereza. Ningechagua lugha ambayo mwenye mfumo anaweza kuikagua bila mkalimani, maana maelekezo yasiyokaguliwa huchakaa upesi.

Usitarajie maandishi yafanye kazi ya kufuli. "Usirudishe fedha bila idhini" ni ombi. Wakala anaweza kulipuuza, au kudanganywa na maandishi ya mtu mwingine aliyoyakuta njiani. Zuio liwe ndani ya mfumo, na wakati wa kutengeneza apewe funguo za mazingira ya majaribio ya Daraja, si zile za fedha halisi.

Kisha jaribu. Fungua kikao kipya ambacho wakala hana kumbukumbu ya mazungumzo yenu, mpe nyaraka pekee na kazi moja, halafu mtazame bila kumsaidia. Anapokosea, usimkaripie kwenye mazungumzo. Rudi kwenye nyaraka, tafuta sentensi iliyompoteza au isiyokuwepo, uiandike, ufungue kikao kingine.